Maji ya Zege

Usemi wa "zege halilali" ulizaliwa saiti, lakini siku hizi hauishi saiti tena. Umehamia kwenye vikao vya harusi, kwenye kampeni za uchaguzi, kwenye meseji ya mtu anayekumbushwa deni. Anayeutamka ana maana moja tu: tusilaze, tumalize leo. Na kweli saruji ikishakutana na maji muda umeanza kuyoyoma. Katika joto la Dar es Salaam mwezi Februari, zege lililochanganywa saa nne asubuhi likaachwa mpaka baada ya chakula cha mchana halifai tena kumwagwa kwenye nguzo, na anayelikoroga upya kwa maji anajidanganya. Walioutunga usemi huo walikuwa wameshika koleo.

Ugomvi wangu na usemi huu ni mdogo. Ni wa kweli kwa saa mbili za mwanzo. Baada ya hapo zege hugeuka kuwa kitu kinachokwenda polepole kuliko vyote vilivyopo saiti. Wahandisi hulisubiri siku 28 ndipo wathubutu kutaja nguvu zake, na hata hapo bado linaendelea kukomaa kwa miezi na miaka, maadamu lina unyevu. Sisi tuliichukua haraka ya saa mbili tukaifanya hekima ya maisha. Subira ya siku 28 tukaiacha pale pale chini, pamoja na mifuko mitupu.

Siku ya kumwaga slabu kwenye ujenzi wa mtu wa kawaida ni nusu kazi, nusu shughuli. Mixa ya kukodi imefika alfajiri. Vibarua wamekusanywa kijiweni jioni ya jana, wengi hawajuani. Mchanga upande huu, kokoto upande ule, mifuko imepangwa chini ya turubai, na mama lishe ameshaagizwa wali na maharage. Mwenye nyumba amekuja na viatu vya ofisini, anahesabu mifuko, kwa sababu tangu anunue kiwanja kila mtu, kuanzia shemeji yake mpaka dereva wa bodaboda, amemwonya habari ya wizi wa saruji. Mifuko anaihesabu mpaka wa mwisho. Maji hayahesabu. Maji yako kwenye pipa, na kijana aliyepewa ndoo anayamimina kwa kukadiria, huku akisikiliza kelele za wenzake: ongeza, gumu hilo!

Wenye taaluma walikwisha kulimaliza jambo hili zamani. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Lewis Institute, mjini Chicago, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya miaka kadhaa. Kama kokoto na mchanga ni safi, na zege limeshindiliwa vizuri, nguvu yake huamuliwa zaidi na jambo moja, nalo ni kiasi cha maji kwa kila kilo ya saruji. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sijaona aliyelipindua hilo.

Tuchukue mfuko mmoja wa kilo 50. Ukiupa lita 25 za maji unapata zege zuri, gumu kidogo kufanyia kazi. Saruji yenyewe, katika mabadiliko ya kikemia yanayoigeuza kuwa jiwe, hufunga maji yapatayo robo ya uzito wake, lita 12 au 13 hivi. Sehemu kubwa ya yanayobaki ipo ili mchanganyiko uteleze. Sasa kijana wa ndoo anaongeza lita 10. Kwa macho hakuna kilichoharibika. Tena zege limependeza, linang'aa, linatiririka lenyewe mpaka kwenye pembe za mbao. Lakini maji yale ya ziada hayana pa kukaa. Mengine hupanda juu ya slabu na kuacha utando dhaifu ambao baadaye hutoa vumbi kila ukifagia; mengine hutoka taratibu siku zinazofuata, na kila yalipokuwa pamebaki kinyweleo. Theluthi ya nguvu, pengine zaidi, imekwenda na ile ndoo, na mwenye nyumba hajaibiwa hata mfuko mmoja.

Mvua nayo hucheza mchezo wake. Mchanga uliolala nje usiku wa mvua unaweza kubeba maji kiasi cha asilimia tano ya uzito wake, maana yake kila kilo 100 za mchanga zinaingia kwenye mixa na lita kama tano ambazo hakuna aliyezimimina. Halafu mchanga mbichi huvimba: toroli linaonekana limejaa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Fundi anayejua huuchukua mkononi, akaufumbata, akautazama kabla hajasema maji yawe kiasi gani. Mafundi wa namna hiyo bado wapo. Ni bahati ya mwenye nyumba kuwapata.

Ni rahisi kumlaumu kijana wa ndoo, lakini mimi simlaumu sana. Karai la zege lililo sawasawa ni zito na halimwagiki kirahisi. Koleo hukwama ndani yake. Malipo ni ya kazi nzima, kwa hiyo mkimaliza mapema mnaondoka mapema, na kesho kuna slabu nyingine Goba au Mbagala. Ndoo ya maji ndiyo nafuu pekee ambayo watu wale wanaweza kujipa bila kumwomba mtu. Mitaani "kubeba zege" ni kipimo cha maisha magumu, kama "kubeba boksi" kwa waliokwenda Ulaya na Marekani. Kila tajiri anayesimulia alikotoka ana kisa chake cha kubeba zege. Cha kupima maji sijakisikia.

Na hapa pana kichekesho. Ukuta mkuu wa Bwawa la Nyerere kwenye Mto Rufiji, wenye kimo cha zaidi ya meta 130, umejengwa kwa zege ambalo kijana wetu wa ndoo angelikataa palepale. Ni zege kavu, lenye maji machache mno, linalotandazwa tabaka juu ya tabaka na kushindiliwa kwa magari ya kushindilia barabara. Halitiririki hata kidogo. Maji machache yanaruhusu saruji chache, na saruji chache inatoa joto dogo, jambo muhimu kwa ukuta mnene namna ile, kwa kuwa saruji inapoungana na maji huchemka kwa ndani. Wamarekani walipojenga bwawa la Hoover miaka ya 1930 iliwabidi walaze mabomba ndani ya zege na kupitisha maji baridi ili lisipasuke kwa joto lake lenyewe.

Lakini saiti ya mtaani haina gari la kushindilia, ina mabega ya watu. Kwa mabega hayo ndiyo ilitengenezwa dawa. Dukani huitwa dawa tu, na ziko za kila aina: ya kulainisha, ya kuchelewesha, ya kuharakisha, ya kuzuia maji yasipenye. Ninayoipenda ni ya kulainisha, na zile zenye nguvu zaidi zilianza kutumika Japani na Ujerumani Magharibi miaka ya 1960. Kazi yake ni ya busara. Chembe za saruji zikiingia majini hushikana mafungu mafungu, na ndani ya kila fungu kuna maji yaliyofungiwa yasiyomsaidia mtu. Dawa hujivika kwenye kila chembe, chembe zikafukuzana, na maji yale yakaachiwa huru kulainisha mchanganyiko. Kiasi cha nusu lita kwa mfuko kinaweza kufanya kazi ambayo ingetaka lita tano za maji za ziada, bila kuacha vinyweleo nyuma. Kwa hesabu yangu hii ndiyo haki ya kwanza ya mbeba zege, kabla hata ya glavu na kofia ngumu: zege laini lisilolipiwa kwa udhaifu wa jengo.

Inasikitisha kwamba dawa hiyo inajulikana zaidi kwenye madaraja na maghorofa ya wakubwa, yanayoletewa zege kwa malori, kuliko kwenye nyumba ya ghorofa moja ya mwalimu mstaafu. Huku kwetu inayojulikana ni ile ya kuzuia maji, na inapewa sifa zisizo zake. Wapo wanaoamini kwamba ukiitia kwenye zege lililokosa saruji, likakosa kushindiliwa, na likazidishwa maji, itaziba yote. Haizibi. Dawa haisamehe ubahili.

Dawa nyingine iko kwenye kila jiko, na wengi hawajui kuwa ni dawa. Sukari kiasi cha gramu 25 kwa mfuko mmoja wa saruji, kama vijiko sita vya chai, inaweza kuchelewesha zege kuganda kwa saa kadhaa. Ikizidi mara kadhaa, zege linaweza kubaki tope siku nyingi. Madereva wa malori ya zege hulijua hilo: gari likiharibika njiani, sukari huokoa pipa lisigeuke jiwe zima. Kwa mjenzi wa mtaani somo lake ni kuchunguza vyombo. Pipa lililokuwa na molasi si pipa la kuchotea maji ya zege. Na kabla ya dawa zote hizi, kiwandani kwenyewe saruji ilikwishasagwa pamoja na jasi kidogo, asilimia tatu mpaka tano hivi, la sivyo ingeganda ndani ya dakika chache na kumwacha fundi ameduwaa na mwiko mkononi.

Saruji inatajwa sana kwa sababu inauzwa kwenye mfuko wenye picha ya mnyama. Twiga, Simba, Tembo: mtu anaweza kujenga nyumba nzima akidhani ameimaliza mbuga. Lakini karibu robo tatu ya zege ni kokoto na mchanga, vitu visivyo na jina wala nembo, vinavyoshushwa na lori na kulipiwa kwa tripu. Dar es Salaam ina ngazi zake za kokoto. Juu kabisa ni za Lugoba, zilizopasuliwa kwa mashine kutoka kwenye miamba migumu ya bara. Chini yake kuna za mwambao, za mawe ya chokaa, zikiwamo zile zilizogongwa kwa nyundo huko Kunduchi Mtongani na kina mama waliokaa chini ya vivuli vya magunia, rundo moja moja, ndoo moja moja. Jiwe la chokaa lisilo na udongo, likichaguliwa vizuri, linafaa kwa kazi nyingi za nyumba ya chini. Tatizo lake kubwa ni vumbi. Kokoto iliyojaa vumbi hunywa maji, kijana wa ndoo anaona zege limekuwa gumu, anaongeza, na tumerudi palepale.

Mchanga una kesi nyingine. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilifika mahali pa kutunga sheria ya kulinda na kusimamia mchanga mwaka 2015, kwa kuwa mito iliyochimbwa ovyo hukauka: mchanga ndio unaoyatunza maji ya mto wa msimu wakati wa kiangazi. Huko maghorofa ya Nairobi yalikuwa yakijengwa kwa visima vya wanavijiji. Pwani kishawishi ni mchanga wa ufuoni, ambao unaonekana safi, mweupe, na uko karibu. Ndani yake mna chumvi. Nondo iliyomo ndani ya zege zuri haishiki kutu, kwa kuwa saruji huizungushia hali ya alkali inayoilinda. Chumvi ikipenya, ulinzi unavunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, ikavimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Ukipita kwenye nyumba za pwani ukaona chini ya baraza zege limebanduka na nondo nyekundu zimechungulia nje, mara nyingi umeona kazi ya chumvi. Kinga ya kwanza ni zile biskuti, vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisiguse mbao, na zege lipate kuzifunika sentimita kadhaa. Ni kitu kidogo sana kwenye saiti nzima, na vibarua huzikanyaga bila habari.

Pwani hii haikuanza jana kushughulika na mawe na kiunganishi. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa vipande vya matumbawe na chokaa karne kadhaa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Chokaa ile ilipikwa kwa kupanga kuni nyingi, kutandaza mawe ya matumbawe juu yake, na kuwasha moto. Kisha ilizimwa kwa maji au kuachiwa mvua na umande, ikakaa miezi kabla haijatumika. Chokaa hulala, na kulala kwake ndiko kunakoifanya nzuri. Hata baada ya kupakwa ukutani huendelea kuganda polepole kwa kuivuta tena hewa ya kaboni iliyofukuzwa na moto. Mwashi wa Kilwa angeshangaa kuambiwa kwamba ubora wa kazi ni kuimaliza leo.

Halafu ikaja saruji. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds nchini Uingereza, alipata hati miliki mwaka 1824 ya unga alioupa jina la Portland, kwa kuwa ulipoganda ulifanana na jiwe la ujenzi lililosifika la kisiwa cha Portland. Nusu karne baadaye unga huo ukakutana na matumbawe yetu, Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kwenye uwanja wake Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuzichapa, akaanza kujenga kanisa. Paa akaamua liwe la zege: matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji ya Portland, yakamwagwa kwa umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu. Waliotazama walitegemea kuliona likianguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Paa lile bado lipo, ingawa miaka ya karibuni jengo limehitaji matengenezo makubwa. Watembeza wageni hupenda zaidi kuonyesha nguzo ambazo inasemekana zilisimamishwa kichwa chini, miguu juu, wakati askofu hayupo. Mimi nawaomba wageni wangu watazame juu.

Siri ya paa lile haiko kwenye ukali wa saruji. Zege lina nguvu nyingi likibanwa na nguvu kidogo mno likivutwa, kama sehemu moja ya kumi, na umbo la pipa hulifanya libanwe. Slabu bapa ya leo ni shauri jingine: upande wa chini unavutwa, ndiyo maana tunaweka nondo, na ndiyo maana kosa la slabu bapa linaua.

Viwanda vilipofika, vilikwenda palepale walipokwenda wachoma chokaa, kwenye miamba iliyojengwa na matumbawe ya zamani. Bamburi, Mombasa, walianza kuzalisha mwaka 1954. Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, mwaka 1966. Jiwe la chokaa na udongo huingia kwenye tanuru la mviringo linalozunguka, joto likafika nyuzi 1,450 hivi, na kinachotoka ni vigololo vyeusi vya klinka vinavyosagwa kuwa saruji. Bamburi machimbo yaliacha jangwa jeupe, na kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akalipanda mivinje, mti usiochagua udongo. Leo watoto wa shule hupelekwa kutazama twiga mahali ambapo hapakuwa na hata jani.

Shimo linaweza kupandwa miti. Moshi ni mgumu zaidi. Kila kilo 100 za jiwe la chokaa safi zikichomwa sawasawa, kilo 44 huondoka kama hewa ya kaboni, hata kama tanuru lingewashwa kwa jua. Hiyo ni kabla ya kuhesabu makaa ya mawe na gesi. Ndiyo sababu saruji peke yake hukadiriwa kuchangia asilimia saba au nane ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu duniani. Sikubaliani na wanaotuambia kutoka mbali kwamba tuache kujenga kwa zege. Mtoto wa Temeke anahitaji darasa na kalavati kama mtoto mwingine yeyote. Lakini kupunguza klinka kwenye saruji ni jambo jingine, na hilo lina njia. Majivu ya volkano yanafaa. Warumi walijenga nayo na sisi tunayo Mbeya na Arusha. Na kuna saruji inayofanyiwa utafiti na kuanza kutengenezwa katika nchi mbalimbali, ambamo nusu tu ni klinka, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ni udongo wa kaolini uliochomwa kwa joto dogo zaidi, pamoja na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Kaolini ndiyo udongo mweupe wa Pugu. Jiji la Dar es Salaam limekaa katikati ya chokaa ya Wazo na kaolini ya Pugu, na mfuko ninaouona dukani hautaji Pugu.

Saruji za namna hiyo, zenye majivu au udongo, huwa na tabia moja inayoturudisha kwenye maji. Hukomaa taratibu. Zinadai subira zaidi, na zinadai kumwagiliwa kwa siku nyingi zaidi.

Watu wakiliona zege ni gumu husema limekauka, na kwa kuwa limekauka hawaoni kwa nini lilowanishwe tena. Zege haligandi kwa kukauka. Misingi ya madaraja ya baharini, kama Daraja la Tanzanite, huganda chini ya maji na huganda vizuri. Saruji inaendelea kula maji kwa muda wote inapokomaa. Yakiisha mapema, kukomaa kunasimama, na kwa kawaida hakurudi kuwa kama kungekuwa. Sehemu inayokauka kwanza ni ngozi ya juu, ileile iliyopewa kazi ya kuilinda nondo. Katika siku saba za kwanza, likitunzwa, zege hupata kama theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28. Siku hizo saba ndizo tusizo nazo.

Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Maji yanayoharibu zege, yale ya siku ya kwanza, humiminwa bila kipimo, na hakuna anayelalamika bei. Maji yanayolijenga, yale ya siku zinazofuata, huonewa uchoyo. Mafundi wamelipwa na wameondoka. Boza la maji lina gharama, bomba la mtaa linatoka mara mbili kwa wiki, mlinzi aliyeachwa saiti anaambiwa "umwagilie", naye anarusha ndoo mbili jioni ili slabu ionekane imelowa mwenye nyumba akipiga picha. Saa sita mchana ya kesho yake slabu ni nyeupe na imepasuka vijistari kama mikunjo ya kiganja. Hakuna aliyeiba kitu. Hata kesi haipo.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwenye Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na waliokufa walikuwa wapatao 50. Tarehe 16 Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Kariakoo. Jengo haliangushwi na ndoo moja ya maji. Huwa kuna vibali, michoro, ghorofa zilizoongezwa, misingi iliyochimbwachimbwa, na watu waliosaini wasichokiona. Tume huundwa kwa ajili ya hayo, na ni sawa. Lakini tume huja baada ya vifusi, na zege lina njia yake ya kushuhudia mapema: michemraba ya milimita 150 inayojazwa zege lilelile siku ya kumwaga, ikatunzwa majini, mingine ikavunjwa maabara siku ya 7 na mingine siku ya 28. Mashine huiminya mpaka ipasuke na kuandika namba. Namba hiyo haina undugu na fundi wala mkandarasi. Kwenye miradi ya serikali ni sharti. Kwenye maghorofa mengi ya watu binafsi sijui ni nani anayeiuliza.

Kwa hiyo wewe unayejenga, hasa unayejenga kwa mkopo na mshahara, fanya haya kabla hujaagiza hata lori moja la kokoto. Nunua ndoo mbili unazojua ujazo wake, na ukubaliane na fundi mbele ya vibarua ni ndoo ngapi kwa mfuko mmoja. Kama wanalilia laini, nunua dawa ya kulainisha, usinunue ugomvi. Tenga fedha za maboza ya wiki nzima kwenye bajeti ileile ya saruji, na utafute magunia ya kufunika slabu yasiyokauka mchana. Uliza maabara iliyo karibu nawe inatoza kiasi gani kuvunja michemraba sita. Mara nyingi ni fedha ndogo kuliko rangi ya geti. Na mirunda iache chini ya slabu wiki tatu mpaka nne. Fundi akija kuiomba siku ya kumi kwa kuwa ana kazi nyingine Kibaha, mwambie akodi mingine.